Mbelgiji, Mkongomani na Kitabu cha Alhamisi

Nianze na jambo ambalo ndugu zangu hawapendi kulisikia: vile vifaa viwili vya kusomea havikuwa vibaya. Ningepata amani kama vingekuwa vibaya kabisa. Kitu kibovu unakirudisha kwa mwenyewe, unamshukuru, unaendelea na maisha yako. Hivi vilikuwa vizuri nusu, na kila kimoja kilikosa nusu ile ile tuliyokuwa tukiihitaji. Kitu kizuri nusu kinakula miezi ya mtu huku kinamchekea.

Chanzo kilikuwa macho ya mama. Kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, mama yangu huwasomea wanawake kitabu sebuleni kwetu, hapa Kamembe, mpakani karibu na Bukavu, na amefanya hivyo tangu nikiwa msichana wa kupitisha vikombe vya chai. Huja wauza vitenge wa sokoni, washonaji, mke wa mchinjaji, wajane wa mtaa, na mmoja hupanda gari kutoka Bugarama akiwa na mfuko wa mchele kwapani, maana hawezi kuja mikono mitupu. Huvua viatu mlangoni, hukaa mkekani, na mama hufungua kitabu.

Kitabu chenyewe hakikutoka dukani. Kiliandikwa kwa mkono na bibi yake mama, aliyekuja huku na mumewe mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ni Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa zamani: maisha ya Mtume, adabu za nyumbani, haki za jirani. Bibi alikiandika kwa Kiswahili cha pwani alichofundishwa, na alipoona wanawake wa huku hawalifahamu neno, aliwaandikia maana pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyembamba. Aliyemrithi akaongeza zake. Ndiyo desturi yetu: msomaji hagusi neno la ndani, lakini pembeni ana haki ya kuwafafanulia wanawake wa wakati wake. Pembeni mwa kitabu kile pana mwandiko wa watu watatu, wa bibi, wa shangazi yake mama, na wa mama mwenyewe. Ukiniuliza mimi, utamu uko pembeni.

Desturi ya pili ndiyo iliyotuletea balaa. Msomaji husoma kitabuni, kidole chini ya mstari. Hasomi kichwani hata kama amekihifadhi chote. Yule shangazi alipozeeka alianza kusoma kwa kichwa, akaruka kurasa, akachanganya habari za vita na habari za ndoa, na mama, wakati huo kijana mwenye ulimi, alisema mbele ya watu kwamba kisichosomwa kitabuni si darsa, ni mazungumzo. Shangazi hakubishana. Alimsogezea kitabu, akahamia ukutani, na mama akakaa mahali pake. Kauli ile imekuwa sheria ya sebule yetu, na wanawake huirudia kama methali.

Sasa zamu imemfikia aliyeitunga. Daktari wa macho alisema ugonjwa uko nyuma ya jicho, kwamba kuongeza nguvu ya miwani ni kujisumbua, na kilichobaki ni kumpa herufi kubwa na mwanga wa kutosha. Tulimpa mwanga. Tulimhamishia mkeka dirishani. Siku moja akageuza kurasa mbili pamoja bila kujua, akaunganisha kwa kichwa, na jirani yetu, hajati ambaye masikio yake hayajawahi kulala, akasema taratibu, "Mama, leo umefupisha." Wanawake walicheka. Mama alicheka pia, na mimi niliyemzoea niliona alivyokibana kitabu kifuani.

Wageni walipoondoka aliniita jikoni.

"Nikishindwa kusoma, ninatoka pale mbele," akasema. "Miye mwenyewe njo nilisemaka vile. Siwezi kusema ingine leo juu macho ni yangu."

Nilimwambia nitapata dawa. Naendesha duka la sekretarieti karibu na gare, kituo cha mabasi, mahali watu huja kupigiwa barua chapa, kutoa fotokopi na kutumiwa maombi yao kwa mtandao. Mashine zote za pale zinanisikiliza, hata ile printa inayowatisha wengine. Nilidhani kukuza herufi ni kazi ya mchana mmoja. Nikafanya kosa la kuuliza ushauri kwenye kikundi cha familia.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwetu fimbo za mbali ndizo zinazopiga kelele zaidi. Kaka yangu aliye Antwerpen alijibu kabla sijamaliza kuandika. Alisema yeye husoma kwenye kifaa kidogo kisichoumiza macho, wino wake kama wa karatasi, herufi unazikuza upendavyo, na angemtumia mama kimoja. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayevuka daraja kwenda Bukavu kama wengine wanavyovuka barabara, akajibu kwamba hicho ni cha watoto. Mama anahitaji kikubwa, chenye kalamu, ili aandike maana pembeni kama desturi inavyotaka. Binti wa mama mdogo aliye Kigali akauliza kwa nini tunahangaika na macho, si turekodi tu sauti ya mama akisoma kitabu chote, kisha wanawake wawe wanasikiliza spika.

Nilimsomea mama wazo hilo. Alikuwa akichambua mchele.

"Mwambie anigojee nikufe kwanza," akasema.

Kifaa cha kaka kilifika kikiwa ndani ya sanduku la mtu aliyekuja harusini. Cha shemeji kilifika kikiwa kimefungwa kwenye kitenge, kimetumika tayari, kipana kama sinia la maandazi. Mama alikiita cha kaka Mbelgiji na cha shemeji Mkongomani, na majina yakaganda.

Mbelgiji alikuwa mwepesi na mwenye adabu, ila alijua Kiholanzi tu. Kaka alikuwa ametuandalia kila kitu kwa lugha ya huko alikozoea, halafu akawa ananielekeza kwa sauti ndefu alizorekodi akiwa kwenye tramu: bonyeza juu, hapana, si hapo, pale penye alama ya gurudumu la meno. Nilibonyeza alama zote za meno. Nilipofika kwenye Kifaransa nilikuwa nimejifunza maneno ya Kiholanzi ambayo sitayahitaji tena hadi naingia kaburini.

Ni kweli alikuza herufi. Alikuza herufi za vitabu vilivyopigwa chapa, riwaya za Kifaransa alizotiwa na kaka kama zawadi, hadi neno moja likajaza kioo. Kitabu cha bibi, kwa kuwa ni cha mkono, nilikuwa nimekipiga picha ukurasa kwa ukurasa uani, juu ya shuka jeupe, mama akishika kingo kwa vidole viwili na kunikemea nisipumulie wino. Picha haina herufi za kukuza, Mbelgiji aliiona kama picha ya mlima au mbuzi. Aliubana ukurasa mzima ukawa kama kiganja cha mtoto. Ukiuvuta kwa vidole, anasita, anakuwa mweusi wote, halafu anakuletea kona isiyo na maandishi. Kila alipokuwa mweusi mama alisema bismillahi. Siku ya kwanza alisema bismillahi nyingi kuliko maneno ya kitabu.

Isitoshe, kitabu chetu hufunguliwa kulia. Mbelgiji hakulijua hilo wala hakutaka kulijua. Nikazipanga picha kinyumenyume ili mama aanze mwanzo, na alipoanza mwanzo, kifaa kikamwandikia chini kwamba amebakiza ukurasa mmoja amalize.

Nilimtafsiria.

"Hii iko naniombea nini?" akauliza.

Kalamu hakuwa nayo. Nilipomwuliza kaka mama ataandikaje pembeni, alijibu kwamba kuna kinanda cha herufi, agonge herufi moja moja. Nilimwomba kwa heshima zote aje agonge yeye.

Basi tukahamia kwa Mkongomani. Huyu alikuwa na kalamu, tena kalamu nzuri, na kioo kinachokwaruza kidogo kama karatasi. Mama aliishika, akaandika jina la Mungu, akatabasamu, na mimi nikamtumia shemeji ujumbe wa shukrani nilioujutia kabla ya chakula cha jioni. Mwenye kifaa wa kwanza hakuwa amekisafisha. Kila tulipofungua ukurasa mpya, tulikaribishwa na maandishi yake ya mikutano, kwa Kifaransa: usalama wa magari, magurudumu ya akiba, nani alete sukari. Nilifuta, yakarudi. Nikafuta tena, kikaniuliza kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika kama siku ile.

Picha za kitabu zilionekana vizuri, kubwa kuliko kwa Mbelgiji, lakini bado hazikumtosha mama. Akikuza, anaona. Akiandika maana pembeni baada ya kukuza, inakaa. Akipunguza ili aone ukurasa, ile maana inabaki pale pale kwenye kioo na ukurasa unapita chini yake. Maana ya ngamia ikaenda kusimama juu ya jirani. Maana ya mtungi ikasimama juu ya baba mkwe. Mama akiegemeza kiganja ili aandike, kama mtu yeyote anayeandika, ukurasa unaruka. Ikabidi aandike mkono ukiwa hewani, na mkono wa mwanamke mzee hewani hutetemeka.

Kilichonimaliza ni ukarimu wake. Kifaa kilijitolea kuubadilisha mwandiko wa mama uwe chapa safi. Hakikuomba ruhusa. Aliandika sentensi nzuri kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kikaipokea, kikafikiri, kikamrudishia mstari wa L na J na 3 na alama ya kuuliza. Mama hasomi sana Kifaransa wala herufi za Kilatini, lakini alama ya kuuliza anaijua.

"Kinaniuliza mimi?" akasema. "Kimuulize bibi."

Mchagua jembe si mkulima, najua. Wateja wangu walinikuta dukani nina mashine moja kila mkono, nawajibu bila kuwatazama. Kaka na shemeji wakaanza kugombana kwenye kikundi, kila mmoja akitetea chake kama timu ya mpira, na wakakubaliana jambo moja tu, kwamba mimi sijui kutumia. Dada yangu, mke wa shemeji, akanishauri nimnunulie mama kioo cha kukuzia. Mama alikuwa nacho tayari, kile cha marehemu baba, na kilimsaidia kusoma tarehe kwenye dawa na si zaidi.

Na mama naye hakunirahisishia. Nilipoleta suluhisho alipata kasoro, na kasoro yake siku zote ilikuwa ya kweli, jambo linaloudhi mara mbili. Mwanga huu unarudisha sura yangu. Kurasa hizi zinafuatana vibaya. Hapa umekata mkia wa neno. Alikaa wima, mikono mapajani, kama mteja anayeshonewa gauni. "Bado," alisema. "Rudi nayo." Alhamisi zikawa zinapita, mama akisoma kwa pua karibu na karatasi, polepole, akipumzika katikati, na hajati akijitolea kumshikia kitabu kwa upole ambao haukumdanganya mtu. Hajati husoma herufi hizo vizuri. Husoma vizuri na haraka, bila pembeni, kwa sababu pembeni anaona ni porojo za wanawake wa zamani. Mama alijua hivyo. Akitoka yeye, anayekaa ni hajati, na pembeni pangekufa.

Mwisho nikaamua kukikatakata. Si kitabu chenyewe, picha. Nilihamishia kompyuta yangu ya duka mezani pa kulia, na kila siku baada ya kufunga nikawa nakata ukurasa mstari kwa mstari, kila mstari picha yake, ili kwenye Mbelgiji mstari mmoja ujaze kioo na mama asivute wala kukuza. Akimaliza mstari, abonyeze, aje wa pili. Ilikuwa kazi ya kijinga na ndiyo iliyofaa.

Tatizo ni kwamba picha zikishakatwa zinafanana. Madrasa niliacha nikiwa bado kwenye sura fupi fupi, nikaenda shule ya Kifaransa, na herufi zilibaki kichwani kama nyuso za majirani waliohama. Kiswahili kwa herufi hizo, tena bila irabu, sikuwahi kukisoma. Mama anakijua lakini haoni. Basi tukafanya hivi: yeye alikaa upande wa pili wa meza akimenya viazi au akivuta tasbihi, mimi nikawa namwelezea ninachokiona.

"Kuna jino moja, nukta mbili chini."

"Ni ya. Kisha?"

"Kisha kitu kama ndoano."

"Ndoano iko na nukta?"

"Haina."

"Angalia muzuri. Bibi alikuwaka anatia nukta mbali, kama muntu anatupa chumvi."

Ilikuwapo, mbali. Akaunganisha neno, akaunganisha mstari, akaniambia unafuata upi. Tulibishana kila jioni. Nilimwambia bibi yake aliandika kama mtu anayekimbizwa. Akaniambia bibi yake aliandika akiwa na mtoto mgongoni, na mimi nina kiti. Umeme ulipokatika tuliendelea kwa betri hadi ikaisha, nikalaumu betri, nikalaumu Antwerpen, nikalaumu Bukavu. Baada ya wiki kadhaa nilianza kumtangulia. Alikuwa hajasema ni herufi gani, mimi nimeshataja neno, tena kwa hasira, ili twende mbele. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nataka kumaliza.

Nikamaliza. Alhamisi ile nilifunga duka mapema. Mbelgiji alikuwa amechajiwa, mistari yote imepangwa, nimeijaribu mara nyingi. Kitabu kiliwekwa pembeni juu ya mto wake, kwa heshima, kama mstaafu. Wanawake walikuwa wengi kuliko kawaida kwa sababu dada yangu alikuwa ametangaza. Mama akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma.

Alisoma vizuri sana. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa muda mrefu, sauti isiyotafuta njia. Alibonyeza, mstari ukaja, akasoma, akabonyeza. Kinakuwa cheusi, anasema bismillahi kimoyomoyo, anaendelea. Wanawake walitulia. Nilimtumia kaka picha kwa siri, nikaandika: Mbelgiji ameshinda. Nilijisikia kulia kwa furaha, nasema kweli, na nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia shemeji.

Kisha akafika kwenye neno kandili. Msichana mmoja aliyeolewa juzi, mke wa fundi wa pikipiki, akauliza kandili ni nini.

Mama akatabasamu, akasogeza kidole pembeni ya mstari kutafuta maana. Hapakuwa na kitu. Akasogeza upande wa pili. Kioo kiliishia pale mstari ulipoishia.

"Bibi aliandikaka kitu hapa," akasema. "Na shangazi aliandika. Na miye. Iko wapi?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Nilikuwa nimekata mistari. Kila mstari, ukingo kwa ukingo, safi kabisa, na nilipotaka herufi ziwe kubwa niliondoa kila kisichokuwa mstari. Pembeni pote palibaki kwenye kompyuta, kama maganda ya viazi. Na yeye, aliyenisahihisha nukta moja moja, hakuweza kuona kwamba pembeni hapapo, kwa sababu nilikuwa simwelezei pembeni.

"Nimeikata, mama," nikasema.

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Aliweka Mbelgiji chini, uso ukitazama mkeka. Angeweza kumjibu yule msichana kwa kichwa, maana maneno yale anayajua kama majina yetu, na kila mtu mle ndani alijua anayajua. Lakini yeye ndiye aliyesema. Kisichosomwa kitabuni ni mazungumzo. Wanawake wakaangalia vikombe vyao. Hajati akasafisha koo, akanyoosha mkono kuelekea kwenye mto, taratibu, kama mtu anayemwokoa mgeni na aibu.

Mama alitangulia kuweka kiganja juu ya kitabu. Akakisogeza mkekani, si kwa hajati. Kilikuja hadi kikagusa goti langu.

"Soma," akasema.

"Mama, mimi sijui kusoma hii."

"Unasomaka kila siku. Unanisomea ukiwa umekasirika. Kasirika, usome."

Dada yangu alicheka, na mimi nikakasirika kweli. Nilikasirikia mashine, nikamkasirikia kaka aliyekuwa akituma vidole gumba juu ya ile picha yangu, nikajikasirikia mimi. Nikafungua. Nilijua ukurasa kwa doa lake la chai. Nikaweka kidole. Ya, nukta mbili chini. Ndoano, nukta imetupwa mbali. Nilisoma mstari ule kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, nasimama, jiwe jingine. Nilipofika kwenye kandili nilikwenda pembeni. Bibi: taa yenye kioo, hutundikwa. Chini yake, mwandiko wa shangazi, umepinda: ile ya msikitini. Chini yake mama, mkubwa kidogo: lampe ya petroli.

Nikawasomea zote tatu. Msichana akasema lampe ya petroli ameiona kwa bibi yake kule Nzahaha, lakini nyumbani kwake haipo. Wanawake wakaanza kuzungumza juu ya taa walizozijua, kama ilivyo kawaida pembeni panaposomwa, na mama hakuwazuia. Nilisoma nusu ukurasa tu siku hiyo. Nilikwama mara nyingi, na kila nilipokwama mama alinipa neno kutoka alipokaa, bila kutazama. Wakati fulani katikati alikuwa amesogea. Sikumwona akiondoka. Nilipoinua kichwa alikuwa ameegemea ukuta, mahali pa wazee.

Hapo ndipo nilipofahamu kilichotokea, na nikataka kulia tena, mara hii si kwa furaha. Nilikuwa nimepigana miezi yote ile ili asitoke pale mbele, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mahali pake.

Kwenye chai hajati aliniambia nasoma polepole mno, mchele wa Bugarama ungeota. Kisha akasema nitazoea. Nimemsamehe nusu.

Sijui kama mama alinipangia. Nilimuuliza usiku huo huo kama ile "bado" na "rudi nayo" zake zilikuwa za kweli au za kunikalisha mezani. Alisema yeye alitaka mashine, macho ni yake, nani asingetaka. Nikamuuliza tena kesho yake, akaniuliza kama nimenunua sabuni. Nimechoka kujiuliza. Zote mbili zinawezekana kwa mama yangu, hata kwa pamoja.

Kaka bado anauliza kwenye kikundi kipi kilikuwa bora, maana kuna jamaa yake anataka kununua. Nimemjibu hivi: Mbelgiji anasoma, ila kitabu cha chapa tu. Mkongomani anaandika, ila anataka kujua maandishi kuliko mwandishi. Wa kwanza sasa yuko dukani kwangu na zile riwaya za Kifaransa, nazisoma mvua inapofukuza wateja. Wa pili shemeji amemchukua, amemuuza Bukavu, na nina hakika mtu mwingine huko anakumbushwa kuleta sukari. Picha za kurasa nimezitunza zikiwa nzima, na pembeni yake.

Wiki hii nilifanya jambo nililokuwa naliahirisha. Yule msichana aliuliza, na anayeuliza ana haki ya kuandikiwa. Nilichukua kalamu nyembamba, nikakaa mezani, na chini ya maneno ya mama, kwa mkono wangu unaobabaika, nikaandika maana ya kandili kwa wanawake wa sasa: ile unayoshika umeme ukienda. Ilichukua muda. Nilitupa nukta moja mbali, nadhani nimerithi.

Nikampelekea mama. Alikisogeza kitabu dirishani, akakileta karibu, karibu zaidi, hadi pua ikagusa karatasi. Akakizungusha kidogo kwenye mwanga. Nikasubiri anikosoe.

"Siko naona," akasema. "Nisomee."

Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, akapitisha kidole pembeni, juu ya mwandiko wa bibi, wa shangazi, wa kwake, hadi kwenye wino wangu uliokuwa bado haujakauka vizuri.

"Ni muzuri," akasema. "Lakini andika mukubwa. Ule atakuya nyuma yako, naye atazeeka."

Nafasi iliyobaki pale pembeni ni ndogo. Nimeandika tena, kubwa, hadi ukingoni mwa karatasi.